Kipozamataza kwenye Kiwanja cha Tahani

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mke wangu Nura kanipa daftari hili. Anasema mwanamume aliyezoea duka hawezi kukaa nyumbani hivi hivi — aandike, aache kumfuata mkewe jikoni kumfundisha kukata vitunguu. Haya. Naandika.

Habari: hakuna. Tangu daktari aseme kwamba moyo wangu na duka haviwezi kuishi pamoja, funguo anazo Tahani. Binti yangu anatoka hapa Kinindo asubuhi, anakwenda Rohero, katikati ya Bujumbura, kuuza vitambaa vyetu, anarudi jioni, ananiuliza kama nimemeza dawa. Namjibu nimemeza. Hayo ndiyo mazungumzo yetu. Vitambaa gani vimeingia, mteja gani kagomba — siulizi. Naye hasemi.

Leo nimetoa kiti nikakaa upande wa kiwanja. Ni kile kipande kilicho ndani ya ukuta wetu, pembeni mwa nyumba, nilichompa Tahani ajenge. Mawe ya msingi yamekwisha kuletwa, yamerundikwa. Nyasi zimefika magotini kwa mvua hizi. Na juu ya mawe, ndege.

Ndege wa kahawia tu. Anasimama juu ya jiwe lile lile, anapiga mluzi ule ule, ananyamaza, anatafakari, anaurudia. Tii-tuu-wii. Kuanzia chai mpaka adhuhuri. Sijapata kuona kiumbe mwenye neno moja la kusema akalisema kwa moyo namna ile. Isipokuwa Nura.

Jumanne, 5 Novemba

Yupo tena. Nimevaa miwani nikamkagua kama ninavyokagua mzigo mpya.

Mgongo: kitenge kilichofifia dirishani. Kahawia juu ya kahawia, michirizi myeusi. Kifua: rangi ya chai ya maziwa, madoadoa shingoni. Mstari mweupe juu ya jicho, kama mtu aliyejichora nyusi kwa haraka. Domo nene. Kwa nguo hiyo angesimama mlangoni mwa duka langu nisingemkaribisha. Lakini akifungua bawa! Ndani kuna rangi ya kutu, safi, ile ambayo wateja wote huitaka na mimi huwa sina. Na akiimba, kishungi kidogo chekundu-chekundu kinasimama kisogoni.

Mara kwa mara anajirusha juu kidogo, anapiga mabawa prrr kama mtu anayekung'uta mkeka, anatua pale pale. Akishuka chini harukiruki kama shomoro. Anatembea. Mguu mbele ya mguu, kama karani anayekwenda kazini.

Nimempigia simu binamu yangu Anouar, aliyefundisha biolojia mpaka akastaafu. Nikamweleza. Akasema huyo ni kipozamataza. Jina refu kuliko ndege mwenyewe! Akasema pia kwamba anataga chini, nyasini. Nikamwambia haiwezekani. Kuna paka, kuna mbwa, kuna watu. Mwenye mabawa alale chini kwa sababu gani? Anouar akasema nimuulize mwenyewe.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekiona kiota. Nusura nikikanyage.

Nilikuwa nanyoosha miguu nyasini, amri ya daktari. Mara kitu kikachomoka karibu na kandambili yangu, kikakimbia chini-chini kama panya, kikapotea. Moyo wangu — huu huu mgonjwa — ukaruka. Kumbe ni jike. Akifumwa kiotani haruki palepale. Anakimbia kwanza, anafika mbali, ndipo anaruka, ili uende ukatafute kule alikorukia. Huyo angeweza kuendesha duka.

Nikapiga magoti. Kwenye shina la nyasi, kikombe cha majani makavu kimezamishwa ardhini, na nyasi nyingine zimevutwa juu zikawa paa. Mlango mmoja, umeelekea ukutani. Ndani, mayai matatu. Meupe ya kuchafuka, yana madoa ya kahawia kama mtu kapiga chafya akinywa kahawa.

Nikarudi kitini nikangoja. Jike karudi, lakini hatui kwenye kiota. Anatua mbali, anajifanya anaokota wadudu, anatazama huku na huku, anatembea, anasimama, anatembea — halafu hayupo. Kumbe kaingia. Muda wote huo dume yuko juu ya mawe anahutubia. Hajaatamia hata kidogo.

Sikumwonyesha Nura. Nikimwonyesha mume asiyefanya kazi, anayeongea asubuhi nzima, najua atasema nini.

Ijumaa, 8 Novemba

Pilau baada ya sala. Tahani kaja kula nyumbani. Akamwambia mama yake — mama yake, si mimi — kwamba fundi Musafiri anaanza Jumatatu. Kufyeka nyasi, kisha kuchimba msingi. Anataka msingi uwepo kabla Mazin hajafika. Mazin ni mumewe, anafanya kazi Muscat, anakuja mwisho wa mwezi.

Nikauliza haraka ya nini, msingi haukimbii. Tahani akanitazama, akaendelea kula.

Nilitaka kumwambia habari ya mayai. Mdomo ukafunguka, ukafungika wenyewe. Nitasemaje? Dukani waliniita Bwana Chuma. Mteja akilia mbele yangu nilimpa kiti alie vizuri, basi. Leo nimwambie binti yangu asimamishe mafundi kwa sababu ya ndege? Atasema kwa upole: baba amezeeka. Huo upole ndio siutaki. Na tena nitakuwa ninamwomba. Tangu achukue funguo sijamwomba kitu.

Jumatatu, 11 Novemba

Nilitegemea shida ya petroli. Mji mzima hauna mafuta, magari yamepanga foleni mpaka nyasi zimeota chini yake. Nikajua fundi hatafika.

Kaja kwa miguu kutoka Musaga, panga begani, anaimba wimbo wa kanisani. Musafiri ni mtu wa Uvira, mrefu, mwembamba, hana haraka ila kwenye kazi. Hakuomba hata maji. Kalielekea kundi la nyasi lenye kiota kama aliyetumwa.

"Musafiri," nikasema, "usiingie. Kuna nyoka."

Sijui neno limetoka wapi. Akashusha panga.

"Nyoka wa namna gani, mzee?"

"Mkubwa."

"Mweusi?"

"Mweusi."

Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye saruji. "Mi na nyoka, apana, mzee. Niko na batoto." Akanywa chai, akafunga panga kwenye gazeti, akaenda zake.

Nilijisikia kama nimeuza robota zima la vitambaa. Furaha ikadumu mpaka Nura aliporudi. Kakutana na Musafiri langoni, na Musafiri kamweleza kwamba nyoka ana urefu wa ukuta. Mimi urefu sikuutaja kabisa.

Jumanne, 12 Novemba

Madirisha yote yamefungwa. Novemba! Taulo zimezibwa chini ya milango. Nura kalala na kitabu cha Yasin kifuani, mimi nimelala na jasho.

Asubuhi katoa uamuzi: kiwanja kichomwe moto. Kamtuma zamu wetu, mlinzi wa lango, na jerikeni, atafute petroli popote. Zamu kazunguka mpaka alasiri, karudi na jerikeni tupu. Nafikiri mimi ndiye mtu pekee Bujumbura aliyemshukuru Mungu leo kwa kukosekana mafuta.

Lakini Nura si wa kushindwa. Akasema mkaa upo jikoni, unatosha kuwashia nyasi. Kuona hivyo nikasema haraka kwamba huyu nyoka si wa kawaida.

"Si wa kawaida vipi?"

"Unamwona, halafu hayupo."

Na hapo sikusema uongo. Jike ndivyo afanyavyo kila siku. Lakini Nura akakaa chini, akashika kichwa. "Baba Tahani," akasema, "huyo si nyoka."

Nikasema mimi sijui ni nini. Akachukua simu, akampigia Sheikh Yahaya.

Jumatano, 13 Novemba

Siku ya aibu.

Sheikh Yahaya tulisoma naye chuo cha Kurani utotoni. Macho yamepungua, miguu bado. Nura akaomba azunguke kiwanja akisoma. Mimi nikatangulia ili nimchagulie njia, nikajifanya namshika mkono kwa heshima. Tukaenda vizuri upande wa kwanza. Upande wa pili Sheikh akaniachia mkono, akakata kona mwenyewe.

Jike kachomoka katikati ya miguu yake.

Sikujua mtu wa umri ule anaweza kupaa. Kanzu ilifunguka kama mwavuli. Akatua amenikumbatia shingo, na kiatu kimoja hatujui kilikoangukia. Nura, dirishani, akapiga ukelele uliofika ziwani.

Sheikh ni mtu mkweli. Akamwambia Nura kwamba hakuona jini, kaona kitu kidogo cha kahawia. Nura akasema ndivyo wanavyojigeuza. Sheikh akamwambia tena hakuona jini. Nura akamshukuru, akampa haluwa, akaenda kufunga dirisha lililobaki.

Langoni Sheikh akasimama. "Bwana Amur, una neno la kuniambia?"

Nikamwambia lote, mayai, petroli, nyoka. Alisikiliza uso mkavu kabisa. Akasema uongo una dawa moja, nimwambie binti yangu. Nikasema nitamwambia, inshallah. Akasema inshallah si mahali pa kujifichia. Akaondoka. Nilimsikia akicheka nje ya ukuta mpaka mwisho wa barabara.

Alhamisi, 14 Novemba

Wametoka! Watatu. Hawana sura ya kitu chochote. Vipande vya nyama vyenye nywele za vumbi mgongoni, macho yamefumba. Lakini ukipita kivuli juu yao vinywa vinafunguka vyote kwa pamoja, rangi ya chungwa, na juu ya ulimi madoa meusi, kama vitufe.

Nimesahau kumeza dawa. Jioni Tahani kauliza, nikasema nimemeza. Sasa huo ni uongo wa ngapi sijui.

Jumamosi, 16 Novemba

Baada ya kazi za jamii za kila Jumamosi nimerudi kitini nimechoka. Dume sasa anafanya kazi. Amepunguza hotuba, analeta panzi, anasimama juu ya jiwe na panzi mdomoni kuhakikisha hakuna anayemwona, kisha anashuka na kutembea. Nimemtaka radhi. Jike naye hatoki mikono mitupu: akiingia na chakula anatoka na kinyesi cha watoto, kimefungwa chenyewe kama kwenye mfuko, anakwenda kukitupa ng'ambo ya ukuta. Yaani kwa jirani yetu Laure.

Na kwa Laure ndiko kulikotoka adui. Paka wake, jina lake Jordan, mnene, kapita juu ya ukuta akashuka nyasini kwa tumbo. Nikamrushia kandambili. Akakwepa. Nikamrushia ya pili. Akakaa, akanitazama. Nikamrushia kasha la miwani, na miwani ikiwemo.

Laure alikuwa amesimama kwenye ngazi yake anaanua nguo. Aliona yote. Akaniuliza kwa adabu Jordan kanifanyia nini. Mimi, miguu mitupu, nikajibu kwamba ananitazama vibaya.

Amemchukua paka ndani. Kisha akaja kuongea na Nura kwa sauti ya chini, nikasikia maneno mawili: dawa, na kichwa. Tangu hapo Nura ananiletea uji bila kuombwa.

Jumatano, 20 Novemba

Leo sina mzaha.

Nilikwenda kuchukua maji. Tahani alikuwa jikoni na mama yake, hawakunisikia koridoni. Alikuwa anakata vitunguu, kwa hiyo sijui kama alikuwa analia.

Anasema Mazin anafika Jumatatu. Walikubaliana hivi: akikuta msingi, anaacha kazi ya Muscat, anarudi, wanajenga maisha hapa. Asipokuta kitu, anamchukua yeye na watoto. Makaratasi yapo tayari. Musafiri naye kamwambia ana kazi nyingine inamngoja, Jumatatu ndiyo mara ya mwisho, nyoka awepo asiwepo.

Kisha akasema: "Mama, Baba hataki nijenge. Mara nyoka, mara jini. Tangu nichukue duka hanitaki hata ndani ya ukuta wake."

Nura akasema si hivyo. Tahani akasema basi ni vipi. Jibu alikuwa nalo mtu aliyesimama koridoni na bilauri.

Nimerudi chumbani bila maji.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimeandaa sentensi tangu alfajiri. Chakula cha jioni kikaja. Nikasema, "Tahani, nina neno kuhusu kiwanja."

Akaweka kijiko chini. Akanitazama moja kwa moja, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Sema, Baba."

Nikasema Muscat kuna joto sana.

Akasema hata hapa kuna joto. Akanyanyuka, akaenda kulaza watoto. Nura akanipiga teke chini ya meza, na hakukosea mguu.

Ijumaa, 22 Novemba

Makinda yameota manyoya, yana michirizi kama wazazi wao. Yanabanana, kiota hakitoshi. Vinywa vyao havifungiki. Changu hakifunguki.

Jumatatu, 25 Novemba

Naandika nimesimama. Kukaa siwezi. Daftari lilikuwa mfukoni mwa kanzu, vinginevyo nisingejua pa kuweka mikono.

Niandike kwa mpango.

Asubuhi Musafiri kaja. Kaazima mabuti ya mpira yanayofika magotini, kwa ajili ya nyoka, na jasho linamtoka kama aliyeoga. Tahani hakwenda dukani. Nura kasimama barazani na tasbihi. Nikaamua: sasa nasema. Nikamwita Tahani, akaja, nikafungua mdomo — teksi ikapiga honi langoni. Mazin. Suti ya safari, viatu vinang'aa, ananiita Ami, ananibusu mkono. Tahani akamshika, akampeleka pembeni mwa nyumba kumwonyesha mahali pa msingi. Hapakuwa na msingi. Palikuwa na nyasi. Nilimwona Mazin akizitazama nyasi zile, na Tahani akimtazama Mazin.

Musafiri akanyanyua panga.

Nikakimbia. Mimi, mgonjwa wa moyo. Nikaingia nyasini, nikasimama mbele ya kiota na mikono nimeitandaza.

"Usifyeke," nikasema. "Kuna watoto."

Basi wote wakaja mbio. Nura alidhani ni moyo. Tahani alidhani ni kichwa. Mazin alimfuata Tahani. Nikawaambia watazame, nikapanua nyasi kuwaonyesha.

Kiota kitupu.

Nikafikiri yule paka, Jordan. Kisha nikasikia sauti ndogo kushoto, tsi. Nyingine nyuma ya Nura. Nikakumbuka aliyoniambia binamu yangu Anouar kwa simu: wanahama kiotani kabla hawajajua kuruka. Wanatawanyika kwa miguu, kila mmoja peke yake, na wakihofu wanajibanza chini wakawa udongo. Nikatazama chini. Udongo kila mahali. Na viatu kila mahali.

"Mtu asinyanyue mguu," nikasema.

Musafiri alikuwa amekwisha kunyanyua wa kulia. Kaubakiza hewani.

Hapo ndipo nimesema yote. Sikuwa na pa kwenda, wala wao. Nikaeleza ndege, mayai, mvua, paa la nyasi, jinsi jike anavyotembea. Nikafika kwenye nyoka.

"Hakuna nyoka?" Nura akauliza.

"Hakuna."

"Na kile alichokiona Sheikh?"

"Ndege."

"Nimelala madirisha yamefungwa. Novemba."

"Ndiyo."

"Tutaongea," Nura akasema, taratibu, asiwashtue watoto wa watu. Neno hilo naliogopa kuliko nyoka.

Musafiri kauliza kama anaweza kuvua mabuti. Nikamwambia bado.

Tahani yuko karibu nami, visigino vya viatu vyake vimezama kwenye udongo laini, anayumba. Kisha akasema:

"Kwa ajili ya ndege, Baba?"

"Ndiyo."

"Si kwa sababu yangu?"

Sentensi niliyoandaa Alhamisi sikuikumbuka hata neno. Nikasema, "Nilikuwa na kiwanja kingine Musaga, kikubwa kuliko hiki. Nimekupa hiki kwa sababu nikilala nakiona dirishani."

Dume alikuwa juu ya mawe, amesimamisha kishungi, anatufokea.

"Ungeniambia," akasema. "Ningewaambia mafundi wangoje."

"Ningelazimika kukuomba."

"Basi ungeniomba."

"Basi nakuomba."

Akayumba tena, na safari hii akanishika bega. Hajaniachia.

Nura kaniona natoa kalamu. Kauliza kama ni sasa ndiyo naandika. Nikamwambia daftari kanipa yeye.

Jike kaja, panzi mdomoni. Katua mbali, kule karibu na bomba, kama kawaida yake. Akajifanya kama hatupo. Akaanza kutembea. Kapita mbele ya Nura, Nura kavuta gauni lake taratibu kumpisha. Kapita chini ya mguu wa Musafiri. Kasimama kwenye kiatu cha Mazin. Na pale ubavuni mwa kiatu, kwenye kitu ambacho ningeapa ni bonge la udongo, kinywa kikafunguka, rangi ya chungwa.

Mazin kaacha kupumua. Jike kalisha, kageuka, kaondoka kwa miguu.

Mmoja tumemjua alipo. Wawili hatujui. Hakuna anayesogea. Mawingu yanashuka kutoka milimani.

Mazin hajainua macho kutoka kwenye kiatu chake. Anamuuliza Musafiri, kwa kunong'ona, msingi ulikuwa uanzie wapi hasa. Musafiri ananyoosha panga polepole, anaonyesha kutoka ukutani mpaka kwenye mawe. Mazin anafuata kwa macho. Sasa anauliza dirisha la chumba cha watoto lingetazama upande gani.

Musafiri anafikiri, mguu hewani. Mkono wa Tahani bado uko begani kwangu. Naandika herufi ndogo-ndogo, bega lisitikisike.